Simu Ifike Mlangoni: Mwongozo Kamili wa Kutumia Teknolojia Kujenga Jumuiya Kanisani

Jumamosi moja sala ya jumuiya yetu ilihamishwa nyumba. Tangazo lilitoka Ijumaa saa tatu usiku kwenye kundi la WhatsApp, watu wakaitikia "Amina" na vidole gumba, tukaamini limefika. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu tulikuwa kwa wenyeji wapya tunaimba. Bibi aliyekuwa na zamu ya kutupokea alikuwa kwake, mtaa wa pili, uwanja umeshafagiliwa, mkeka umetandikwa, viti sita vya plastiki alivyoazima kwa jirani vimepangwa ukutani, chupa mbili za chai ziko mezani na sahani ya vitumbua imefunikwa kwa kitambaa. Simu yake ni ya kitochi. Alisubiri hadi saa mbili, ndipo akaanza kurudisha viti vya watu.

Lile tangazo niliandika mimi. Mchana wa siku hiyo nilikwenda kumwomba radhi. Akanikaribisha, akanipa vile vitumbua, akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani mmeniacha."

Tangu siku hiyo kila kitu cha teknolojia tunachoanzisha usharikani nakipima kwa swali moja: kitamfikisha mtu mlangoni kwa mwenzake? Kama jibu ni hapana, hata kiwe kizuri namna gani, kinasubiri. Ninachoeleza hapa ni yale tuliyojaribu kwenye usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hapa Dar es Salaam, ambako usharika una mitaa na mtaa una jumuiya za nyumba kumi na tano au ishirini. Ndugu zetu Wakatoliki watasoma parokia, kigango na jumuiya ndogo ndogo, zile ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976. Njia ni ileile. Jumuiya ipo tayari, simu inakuja kuihudumia.

Hatua ya kwanza: anza na kauntabuku

Msifungue kundi lolote kabla ya kupita nyumba kwa nyumba na daftari. Mwenyekiti wa jumuiya na kijana mmoja wanatosha, Jumamosi mbili zinamaliza kazi. Kwa kila mtu mzima andikeni jina analoitwa mtaani, namba ya simu, aina ya simu (janja, kitochi, au hana), nani mwingine anaishika simu hiyo, saa anazopatikana, na alama ya kufika kwake: nyuma ya mashine ya kusaga, geti la bluu, pembeni ya msikiti.

Safu ya "nani mwingine anaishika" msiiruke. Sisi tuligundua nyumba kadhaa ambako mume na mke wanatumia namba moja, na simu inaondoka na baba saa kumi na moja alfajiri. Mama huyo mmemwandika kwenye orodha, lakini ujumbe wa mchana haumfikii kamwe. Tuligundua pia kwamba wengi wenye simu janja hawana bando katikati ya wiki. Wanaunga kifurushi Ijumaa jioni au Jumapili, na hapo meseji mia mbili zinaingia kwa mpigo, tangazo la msiba likiwa limezikwa chini ya picha za maua za "Asubuhi njema".

Mkiwa pale nyumbani, ombeni ridhaa kwa maneno ya kueleweka: namba yako itaonwa na nani, itatumika kwa nini, na ukitaka iondolewe umwambie nani. Ni adabu, na Tanzania ni sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019. Ofisi ya usharika iulize dayosisi utaratibu ukoje, mzigo huo asiachiwe mwenyekiti wa jumuiya.

Baadaye kijana aingize daftari kwenye jedwali la kompyuta lenye nywila, watu wawili tu wakiwa na ruhusa. Kauntabuku lenyewe libaki kabatini. Umeme ukikatika, au aliyekuwa na nywila akisafiri, ndilo litakalowaokoa.

Hatua ya pili: jirani wa simu

Hapa ndipo moyo wa mwongozo huu. Chukueni majina yote ya wenye kitochi, wasio na simu na wasiosoma meseji kwa sababu ya macho. Kila mmoja apewe jirani wa simu, mtu mmoja anayeishi karibu kiasi cha kwenda kwa miguu, ambaye kazi yake ni kuhakikisha tangazo limemfikia yule mtu kwa sauti ya binadamu. Apige simu, au bora zaidi aende. Jirani mmoja asipewe zaidi ya watu watatu. Sisi tulimpa mama mmoja watu saba kwa sababu ni mwepesi wa kujitolea, na mwezi wa pili akawa amechoka, hakumfikia hata mmoja wala hakuthubutu kutuambia.

Utaratibu ni huu. Katibu anaandika tangazo. Kila jirani wa simu akishamfikia mtu wake, anajibu neno moja: "Nimefika." Katibu anaweka alama ya vema kwenye orodha. Tangazo halihesabiwi limetolewa mpaka alama zote zikamilike. Kukibaki jina moja saa mbili usiku, katibu mwenyewe anapiga au anavaa viatu.

Vijana wana mikono mizuri kwa kazi hii kuliko tunavyodhani. Yule bibi wa viti sita alipewa binti wa kidato cha pili anayekaa nyumba ya tatu. Ijumaa jioni binti anapita, anasoma tangazo, anamsomea na somo la kesho. Miezi michache baadaye tukakuta bibi ndiye anayemfundisha binti kusuka ukili.

Kwa wenye kitochi wanaosoma wenyewe, tumieni SMS. SMS moja inabeba herufi 160, na ukitia emoji kikomo kinashuka hadi 70, ujumbe mmoja unalipiwa kama miwili au mitatu. Kwa hiyo andikeni hivi, bila mapambo:

"Jumuiya ya Bethania: sala J'mosi 12.30 asbh itakuwa kwa Baba Mwalimu, nyuma ya mashine ya kusaga. Siyo kwa Bibi. Njoo na Biblia na kitabu cha nyimbo."

Siku, saa, mahali, kilichobadilika, cha kubeba. Salamu ndefu za kitume ziacheni kwa mchungaji. Usharika wenye watu mia kadhaa unaweza kununua huduma ya SMS za pamoja zinazotoka kwa jina la kanisa, lakini jirani wa simu abaki palepale. SMS haijui kama mtu anaumwa.

Hatua ya tatu: makundi, machache na yenye mipaka

Mnahitaji aina mbili tu kwa kuanzia. Kundi kubwa la usharika ni mbao ya matangazo. WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024 kwenye kundi moja, na kuna mpangilio unaowezesha admini pekee kuandika. Uwasheni siku ya kwanza, kwa sababu mkiuwasha baada ya ugomvi utaonekana ni adhabu. Tangazo moja kwa siku linatosha, mawili wiki ya Pasaka.

Kundi dogo ni la jumuiya, na huko kila mtu aongee. Watu thelathini wanaojuana nyumba kwa nyumba wanaweza kutaniana, kuulizana fundi bomba, kuombeana kabla ya usaili wa kazi. Jumuiya inayoongea mambo ya dini tu kwenye kundi lake mara nyingi ni jumuiya ya watu wawili wanaoandika na wengine wanaonyamaza.

Orodha ya WhatsApp ya kuwatumia wengi ujumbe kwa mpigo (broadcast list), ile ya watu 256, haifai kwa usharika. Ujumbe wake unamfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, na wengi hawajaihifadhi. Tulipoteza matangazo ya mwezi mzima kwa kutolijua hilo.

Kanuni zisomwe kwa sauti kwenye sala ya jumuiya, zikubaliwe, ndipo ziandikwe kwenye maelezo ya kundi. Zetu ni nne. Kimya kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa msiba. Hakuna ujumbe wa "sambaza kwa watu kumi upate muujiza". Siasa na biashara nje, ila mwenye mandazi, mkaa au kazi ya kushona ana Jumatatu yake ya kutangaza. Ya nne ndiyo ngumu: mwenye neno na mwenzake haliandiki, anakwenda kwake. Mathayo 18 inaanza na wewe na yeye peke yenu, na kundi la WhatsApp linairuka hatua hiyo kwa sekunde mbili.

Siku hizi mtu akitoka kundini wanaoarifiwa ni admini tu. Basi admini akiona jina limeondoka asilirudishe kimyakimya. Ndani ya wiki hiyo mtu aende kumjulia hali, na asianze na habari ya kundi. Mara nyingi simu imeibiwa. Mara nyingine utakuta ndoa inayumba.

Hatua ya nne: ugonjwa na msiba

Simu inaharibu sana hapa isipowekewa utaratibu. Nimeona picha ya mtu amelala wodini, dripu mkononi, imetumwa kwenye kundi la watu mia nne kabla mwanawe aliye safarini hajaambiwa. Aliyetuma alikuwa na upendo wote. Lakini picha haikurudi.

Mtu mmoja tu, mzee wa kanisa wa mtaa, ndiye anayetoa habari ya ugonjwa au kifo, na anatoa baada ya kuzungumza na familia na kupewa ruhusa. Hakuna picha ya mgonjwa, hakuna jina la ugonjwa. Ujumbe unaofaa ni huu: "Mama Fulani anaomba maombi yetu. Familia inapokea wageni saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Chagueni siku hapa chini." Kisha wekeni kura ya WhatsApp yenye siku za wiki, kila nyumba ichague siku yake. Bila kura hiyo watu arobaini wanakwenda Jumanne, na kuanzia Jumatano mgonjwa anaangalia dari.

Msiba una shida hiyohiyo kwa kiwango kikubwa. Siku tatu za mwanzo hakuna pa kukanyaga: maturubai, sufuria za wali, kwaya. Baada ya arobaini nyumba inakuwa kimya, na mjane anabaki na kitanda kikubwa na bili ya maji. Kwa hiyo siku ya mazishi, kabla hamjatawanyika, katibu wa jumuiya afungue kalenda ya simu yake aandike vikumbusho: wiki mbili, siku ya arobaini, miezi mitatu, miezi sita, mwaka. Kila kikumbusho kiwe na jina la mtu atakayekwenda. Hakigharimu bando wala shilingi, na kati ya yote niliyoandika humu, hiki ndicho ambacho wajane wametuambia kiliwagusa. Kalenda inakumbuka siku ambayo sisi sote tumeshaisahau.

Kuhusu rambirambi, nina msimamo. Ile orodha inayonakiliwa kila saa, "1. Baba fulani 50,000. 2. Mama fulani 20,000", inakusanya pesa haraka, na naelewa inapendwa kwa sababu ya uwazi. Lakini nimemwona mama mwenye elfu moja akikaa nje ya orodha na hatimaye nje ya msiba, kwa aibu. Mjane wa Marko 12 angeandikwa namba ngapi? Sisi tunatangaza jumla kila jioni, mweka hazina anamjibu kila mtoaji faragha kwamba imepokelewa, na daftari lenye majina na kiasi linakabidhiwa familia mbele ya wazee wawili. Uwazi upo, na hakuna anayepimwa mbele za watu.

Hatua ya tano: sadaka kwa simu

Fungueni lipa namba kwa jina la usharika. Sadaka isipite kwenye simu binafsi ya mweka hazina hata kwa wiki moja, hata kama ni mtakatifu. Kutoa fedha kuhitaji watu wawili, na taarifa ya miamala ichapishwe ihesabiwe Jumapili pamoja na kapu, mbele ya wahesabuji walewale. Mwenye bahasha ya ahadi atume namba ya bahasha yake kwa katibu baada ya kulipa, iingizwe kwenye kadi yake.

Andikeni lipa namba kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi, na chini yake jina linalopaswa kutokea kabla ya kuweka namba ya siri. Fundisheni watu kusoma jina lile kila mara. Tangazeni madhabahuni kwamba namba ya usharika haitabadilishwa kamwe kwa meseji, ikibadilika itatangazwa ibadani. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wameshajua majina ya wachungaji wetu. Ujumbe wa namna hiyo ukiingia, usijibiwe. Utumwe kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Kuna wizi mwingine unaoingia kupitia kwa wazee wetu. Mtu anapiga akijifanya ni wa kanisa, anaomba "usome zile tarakimu sita zilizokuja kwenye simu". Ukizisoma, WhatsApp yako ni yake, na ndani ya dakika kumi anakopa kwa jina lako kwa jumuiya nzima. Kaeni na kila mzee mmoja mmoja, fungueni mipangilio, wekeni uthibitishaji wa hatua mbili. Ni dakika tano na kikombe cha chai. Tulipangia vijana wa kipaimara wafanye hivyo, wawili wawili, na wazee waliwasimulia mambo mengi katika hizo dakika tano.

Hatua ya sita: sauti kabla ya picha

Sharika nyingi zinaanza na kamera. Nashauri muanze na sauti. Hubiri la dakika 20 lililohifadhiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde halifiki MB 5. Video ya dakika hizohizo kwa megabiti moja kwa sekunde ni MB 150, bando la siku kadhaa la mtu. Chukueni waya kutoka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti za maikrofoni, hadi kwenye simu ya kurekodia, maana simu iliyowekwa juu ya mimbari inarekodi feni. Sikilizeni dakika ya kwanza kwa spika za masikioni, kisha acheni kijana mmoja akae nayo.

Mkiwa na rekodi, msiishie kuituma. Ipelekeni kwa asiyeweza kuja, msikilize naye. Wazee wetu wa Moshi na Arusha wanakumbuka Redio Sauti ya Injili iliyorusha matangazo kutoka Addis Ababa kuanzia mwaka 1963 hadi serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokichukua kituo mwaka 1977. Redio ilikuwa moja, watu wengi wameizunguka, na baada ya kipindi mazungumzo yanaanza. Spika ndogo ya bluetooth kwenye kochi la mgonjwa, watu wanne, wimbo mmoja kabla na mmoja baada: hiyo ni ibada kamili.

Ibada ya moja kwa moja ina nafasi yake, hasa kwa watoto wetu walio ughaibuni na kwa mazishi. Jiandaeni mapema. YouTube inachukua hadi saa 24 kufungua ruhusa ya kurusha mara ya kwanza, na kurusha kwa simu kunataka chaneli yenye wafuatiliaji 50. Kwa kompyuta sharti hilo halipo. Kasi ya kupakia ya megabiti 2.5 kwa sekunde kwa ibada ya saa mbili inakula takriban GB 2.25, kwa hiyo msitegemee bando la mtu. Ulizeni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, masharti ya maudhui ya mtandaoni kabla chaneli haijawa ya kudumu. Wekeni mtu mmoja wa kusalimia wanaotazama kwa majina, na kamera isielekezwe kwa wanaokwenda kuombewa mbele. Machozi ya mtu si ya chaneli.

Mnada wa sadaka za mazao baada ya ibada ndio uliotushangaza. Mama mmoja aliyevunjika nyonga alikuwa hatoki kitandani. Jirani yake wa simu akampigia kwa video wakati mnada unaendelea, akamwonyesha mkungu wa ndizi, mama akapaza bei kutoka kitandani, uwanja mzima ukasikia sauti yake. Aliupata. Vijana watatu waliubeba mabegani hadi kwake, na umati ukafuata.

Hatua ya saba: watoto na wazee

Mwalimu wa kipaimara au Shule ya Jumapili hamwandikii mtoto faragha. Ujumbe unakwenda kwa mzazi, au kwenye kundi lenye walimu wawili na wazazi ndani. Picha ya mtoto haiwekwi popote bila ruhusa ya mzazi, na haiandikwi jina la shule yake. Kanuni hii haina msamaha kwa mtu yeyote, awe na cheo gani.

Kisha wapeni vijana kazi ya kurekodi sauti za wazee. Dakika kumi kwa kila mmoja, swali moja: kanisa hili lilijengwaje? Mtasikia nani alibeba matofali kichwani, nani alitoa kiwanja, wimbo gani uliimbwa siku ya kuezeka. Hifadhini sehemu mbili, kwenye simu ya usharika na kwenye flashi iliyo kabatini, na chezesheni moja kila sikukuu ya mavuno.

Hatua ya nane: makabidhiano

Makundi mengi ya makanisa yamekufa kwa sababu kijana aliyeyafungua ameoa akahamia Dodoma. Nunueni laini iliyosajiliwa kwa jina la usharika na simu ya bei nafuu, makundi na chaneli zote zifunguliwe kwa laini hiyo. Kila kundi liwe na admini watatu, angalau mmoja akiwa mama. Nywila ziandikwe kwa mkono kwenye karatasi, zitiwe kwenye bahasha, bahasha ifungwe kwa gundi na kusainiwa na mchungaji na katibu, ikae kwenye sefu na vitabu vya ubatizo. Kila Januari ifunguliwe, nywila zibadilishwe, ifungwe upya.

Siku hiyohiyo ya Januari toeni kauntabuku, someni majina moja baada ya jingine, na mbele ya kila jina andikeni tarehe ambayo mtu wa jumuiya alifika mara ya mwisho nyumbani kwake. Wale ambao mbele ya majina yao hakuna tarehe ndio kazi ya Februari.